Nakwama kila mara kwenye michezo ya hadithi yenye mafumbo. Je, sina akili ya kuicheza?

Swali: “Miezi michache iliyopita nilianza kucheza michezo ya hadithi ya maandishi, ile isiyo na picha: unasoma maelezo ya mahali ulipo, unaandika amri kama kwenda kaskazini au kuchukua taa, na mchezo unakujibu. Naipenda sana, lakini nakwama karibu kila hatua. Mchezo ulionishinda ni wa miaka ya 1980. Nilifika chini ya jumba la kale, kwenye mlango wa chuma uliofungwa. Ufunguo ninao. Nikiandika kwamba natumia ufunguo kwenye mlango, naambiwa sentensi haieleweki. Nilijaribu kila neno nililolifikiria. Mwishowe nikatafuta suluhisho kamili, nikagundua kwamba kitasa kina kutu na nilipaswa kuja na kopo la mafuta lililokuwa chumba cha mwanzo. Siwezi kurudi kulichukua kwa sababu daraja lilianguka nilipovuka. Nilihisi nimeonewa. Tangu siku hiyo kila mchezo ninaoufungua naucheza suluhisho likiwa wazi pembeni, nafuata mstari kwa mstari, na utamu umekwisha. Rafiki yangu anasema michezo hii ni ya watu wenye akili za pekee, na isitoshe Kiingereza si lugha yangu ya kwanza. Je, akili yangu haifai? Kutazama majibu ni udanganyifu? Niendelee au niache?”

Jibu:

Ndugu msomaji, unaogopa kwamba mlango ule wa chuma umekupima akili na kukukuta umepungukiwa. Haukukupima akili hata kidogo. Pale mlangoni ulikutana na matatizo matatu yaliyokaa mahali pamoja, na kila moja lina dawa yake. Kwa kuwa hukujua ni matatu, uliyatibu yote kwa dawa moja, ya kujaribu maneno mapya, na ndiyo maana ulichoka bila kusogea. Nimekaa miaka mingi nikiandika michezo ya aina hii na kuwatazama watu wakiijaribu, na sijui namna ya kukwama inayotokea mara nyingi kuliko hiyo yako.

Kabla ya mlango, nianze na maneno ya rafiki yako, maana naona yamekuumiza. Mchezo wa kwanza mashuhuri wa aina hii uliandikwa katikati ya miaka ya 1970 na Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani ambaye pia alikuwa mchunguzi wa mapango. Pango la mchezo wake alilijenga kwa kufuata sehemu ya Mammoth Cave huko Kentucky. Alitaka kitu ambacho binti zake wadogo wangeweza kukicheza na ambacho hakingemtisha mtu asiyejua kompyuta. Ndiyo maana akamwacha mchezaji aandike maneno ya kawaida badala ya alama za mitambo. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford akaupanua, ukasambaa kwenye kompyuta kubwa za vyuo na maabara, na hapo ndipo sifa ya “michezo ya wasomi” ilipoanzia. Wahandisi ndio waliokuwa na kompyuta wakati huo, basi ndio waliocheza. Nao walikwama na kuulizana kama wewe unavyoniuliza.

Sasa tuingie ndani ya mashine, kwa sababu ukiuelewa utaratibu wake nusu ya uchungu wako itaondoka.

Unapotuma amri, mchezo hauisomi kama mtu anavyosoma barua. Unaikata kuwa maneno, kisha kila neno unalitafuta kwenye kamusi ndogo iliyomo ndani yake. Neno lisipokuwemo, kazi inaishia hapo. Yakiwemo yote, mchezo unatazama kama yamepangwa kwa mojawapo ya mipangilio ya sentensi aliyoiandaa mwandishi: kitenzi peke yake, kitenzi na kitu, au kitenzi na kitu pamoja na kitu cha pili kilichounganishwa kwa neno kama WITH au IN. Mpangilio ukipatikana, unatafuta kama vitu ulivyovitaja viko karibu na mhusika wako. Baada ya hatua zote hizo ndipo sheria za hadithi zinaposomwa: ufunguo huu ni wa kitasa hiki? Kitasa kina kutu? Na kama mwandishi hakuweka sheria yoyote kuhusu ulichojaribu, unapewa jibu la jumla lililoandikwa kutumika popote.

Angalia basi amri yako ilifia wapi. Haikufika mlangoni. Uliandika USE, kitenzi ambacho michezo mingi ya aina hii haina, kwa sababu waandishi wanataka useme hasa unafanya nini na kitu hicho. Ungeandika UNLOCK DOOR WITH KEY, amri ingepita hatua za mwanzo, ufunguo ungeingia kitasani, na ninaamini ungejibiwa kuhusu kutu. Yaani suluhisho lilikuambia jambo ambalo mchezo wenyewe ulikuwa tayari kukuambia. Ulichokosa ni mazoea ya lugha ya amri, na mazoea hayo hayahusiani na akili wala na Kiingereza cha shule. Mzaliwa wa London akicheza kwa mara ya kwanza huandika vilevile USE na kupigwa mlango usoni vilevile.

Nikiwa hapo hapo kwenye Kiingereza: kamusi ya mchezo ni ndogo, na vitenzi vinavyotumika kweli ni vichache vinavyojirudia mchezo hadi mchezo. Ukishazoea EXAMINE, ambayo karibu kote hufupishwa kuwa X, na TAKE, DROP, OPEN, UNLOCK, PUT, PUSH, PULL, TURN, GIVE, SEARCH, LOOK UNDER na LOOK BEHIND, umeshika sehemu kubwa ya kazi. Hata tahajia isikutishe sana. Michezo mingi ya kampuni ya Infocom ya miaka ya 1980 ilitambua herufi sita za mwanzo tu za kila neno, kwa hiyo kosa la mwishoni mwa neno refu lilipita bila kuonekana. Kiingereza kinahitajika zaidi upande wa kusoma. Neno dogo linaloeleza hali ya kitu, kwamba kimelegea, kina kutu, kina joto au kinanuka, mara nyingi ndilo lililobeba fumbo zima. Hayo yatafute kwenye kamusi bila uvivu. Iko michezo michache inayochezea herufi na maana za Kiingereza chenyewe, kama Counterfeit Monkey ya Emily Short ya mwaka 2012, ambamo unaondoa herufi kwenye jina la kitu nacho kinageuka kitu kingine. Ni kazi nzuri mno, lakini iache kwa sasa.

Ustadi ninaotamani uujenge kuliko wote ni kusoma namna mchezo unavyokataa. Kila kukataa kuna hatua yake, na ukijua amri ilikwama hatua gani unajua cha kubadilisha. Michezo ya zamani ikikuambia haijui neno fulani na kulitaja, maana yake kitu hicho hakimo kwenye kamusi yake kwa jina ulilotumia. Jaribu jina lililoandikwa kwenye maelezo ya chumba, na kama umetumia hilo hilo, basi kitu hicho ni pambo tu, kipite. Ikikuambia haikuelewa sentensi ingawa maneno inayajua, badilisha mpangilio: fupisha, ondoa maneno ya ziada, taja kitu cha pili. Michezo mingi iliyoandikwa kwa Inform, mfumo ambao Graham Nelson aliutoa mwaka 1993, hukujibu kwamba hakuna kitu kama hicho hapo, na jibu hilo ni moja iwe neno halijulikani kabisa au kitu kiko chumba kingine. Walifanya hivyo makusudi ili mchezaji asivue siri kwa kubahatisha majina. Kwa hiyo kwenye michezo hiyo usihitimishe kwamba kitu hakipo duniani. Pengine hujakifikia tu.

Halafu kuna tofauti ambayo wachezaji wazoefu huinusa bila hata kufikiri: jibu la jumla na jibu la mahususi. Ukisukuma sanamu na kuambiwa hakuna kinachotokea, hilo ni jibu la jumla; pengine mwandishi hakuwahi kufikiria kwamba mtu ataisukuma. Ukisukuma sanamu na kuambiwa inatikisika kidogo kisha inarudi kwa sababu ni nzito upande mmoja, hapo kuna mtu aliyekaa akaandika sentensi hiyo kwa ajili yako. Umeshindwa, lakini uko njia sahihi. Nimewaona watu wengi wakiondoka mahali hapo hapo kwa sababu mchezo umesema hapana, wakati ulikuwa unawaita. Ukipata jibu la mahususi, kaa. Soma tena kila neno lake. Jaribu jambo lile lile kwa nguvu nyingine, kwa kifaa kingine, au baada ya kubadilisha kitu kimoja chumbani.

Tatizo la pili pale mlangoni lilikuwa kopo la mafuta, na hapa simlaumu mtu. Hukuwa na kitu kilichohitajika. Hakuna wingi wa fikra utakaofungua kitasa chenye kutu kwa mtu asiye na mafuta. Kwa hiyo ukisimama mbele ya fumbo lolote, swali la kwanza liwe: je, ninacho kila ninachohitaji? Kama mchezo umekuambia kitasa kimeshikwa na kutu, na mizigo yako ni ufunguo, mshumaa na barua, jibu ni hapana. Ondoka mlangoni. Usiupoteze usiku wako hapo.

Uende wapi? Ndiyo maana unahitaji karatasi. Chora kila chumba kama kisanduku, chora kila njia inayotoka, hata zile ambazo hujazipita, uziwekee alama. Pembeni andika orodha mbili zisizo na mpangilio wowote: mambo yaliyokukatalia na vitu ambavyo hujavitumia. Njia ambayo hujaipita na jina la kitu ambalo hujalichunguza ndiko mafuta yanakokaa, karibu kila mara. Soma maelezo ya chumba na uchunguze kila nomino iliyotajwa. Na kama uchunguzi huo umetaja nomino mpya, ichunguze nayo. Meza ina droo, droo ina kitambaa, chini ya kitambaa kuna kitu. Ni kazi ya subira tu. Kwenye ramani kumbuka pia kwamba ukienda kaskazini kisha kusini, si lazima urudi ulikotoka, maana njia zinaweza kujipinda. Na ukikuta vyumba vinavyofanana vyote kwa maelezo, kama kwenye pango la Crowther na Woods, acha kitu kimoja katika kila chumba ili uvitofautishe.

Kuna wakati unacho kila kitu na bado huoni. Hapo ndipo watu hujiita wajinga, na hapo ndipo napenda kuwaeleza jaribio la Karl Duncker, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ambalo lilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1945. Watu walipewa mshumaa, viberiti na kisanduku kilichojaa pini za kubandikia, wakaambiwa waubandike mshumaa ukutani. Ufumbuzi ni kumwaga pini, kukibandika kisanduku ukutani na kuusimamisha mshumaa juu yake. Kisanduku kilipokuwa kimejaa pini, wengi zaidi walishindwa. Kilipowekwa kitupu kando ya pini, wengi zaidi waliona. Watu wenye akili timamu, vitu vile vile, lakini kisanduku kilichojaa kimeshajitangaza kuwa chombo cha kuwekea, na akili imekubali tangazo hilo. Katika mchezo wa maandishi mtego huu ni mkali zaidi kwa sababu kitu unakijua kwa jina tu. Taa ukiijua kama taa, hutakumbuka kwamba ina joto, ina kioo, ina mafuta ndani yake. Subiri, mafuta! Mchezo wako huenda haukuruhusu njia hiyo, lakini mwandishi mzuri angeifikiria, na mchezaji mzuri angeijaribu. Chukua kila kitu mkononi mwako, ukichunguze upya kana kwamba hujawahi kukiona, uandike sifa zake tatu nne badala ya matumizi yake. Na ukichoka, funga mchezo kabisa, ulale. Wazo baya lililokushika hulegea ukiliacha, na kesho unasoma maelezo yale yale kwa macho mapya.

Tatizo la tatu ni daraja, na hapa una haki ya kuhisi umeonewa. Mchezo ulikuacha uvuke bila mafuta, ukalivunja daraja, ukakuruhusu uendelee kutembea kana kwamba bado unaweza kushinda. Miaka ya 1980 hili lilikuwa jambo la kawaida. Mchezo mmoja wa Infocom wa mwaka 1984 una mbwa mwanzoni mwake ambaye usipompa chakula, unaendelea kwa saa nyingi bila habari, hadi baadaye sana unapoangamizwa kwa sababu hiyo. Miaka ya 1990 waandishi wenyewe walianza kulipinga. Graham Nelson aliandika orodha ya haki za mchezaji, na miongoni mwake ni haki ya kushinda bila kuhitaji ujuzi ulioupata kwa kufa katika mchezo uliopita. Andrew Plotkin naye akatunga ngazi tano za ukali wa mchezo. Ngazi ya chini ni ya mchezo mpole ambao hauwezi kukufungia njia kabisa. Ya juu ni ya mchezo katili ambao unakufungia njia na hujui, hata baada ya kufanya kosa. Wako uko juu kule. Ngazi hizi bado hutumika leo kuelezea michezo, na ninakushauri uulize ngazi ya mchezo kabla hujaupa jioni zako.

Kinga yake ni kuhifadhi, lakini kuhifadhi kwa akili. Kila mara tumia jina jipya la faili, usilifute la zamani, na hifadhi kabla ya jambo lolote ambalo kwenye maisha ya kweli lisingerudishwa nyuma: kuvuka daraja bovu, kuteleza kwenye shimo, kupanda chombo kinachoondoka, kula kitu ambacho kipo kimoja tu, kumpa mtu kitu. Michezo ya baadaye mingi inakubali UNDO, inayorudisha hatua moja; mingi ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 haina. Na usiogope kuanza upya. Safari iliyokuchukua siku nzima utairudia kwa muda mfupi sana kwa sababu mafumbo unayajua, na michezo mingi inakubali amri kadhaa kwenye mstari mmoja zikitenganishwa kwa nukta.

Nije kwenye udanganyifu. Infocom, iliyoanzishwa mwaka 1979 na kuanza kuuza mchezo wake Zork I mwaka 1980, iliuza yenyewe vijitabu vya vidokezo vilivyochapwa kwa wino usioonekana. Mchezaji alipitisha kalamu maalumu juu ya mstari na maneno yakajitokeza. Kila swali lilikuwa na majibu kadhaa yaliyopangwa kuanzia la kugusia tu hadi la wazi kabisa. Waliotunga mafumbo walijua watu watakwama, na wakaona msaada ni sehemu ya mchezo. Kwa hiyo hapana, hujamdanganya mtu yeyote.

Ila utamu umekwisha, na hilo nalichukulia kwa uzito kuliko suala la udanganyifu. Suluhisho kamili linakupa kitu, kitenzi, mahali na mpangilio kwa mkupuo, ingawa ulihitaji kimoja tu kati ya hivyo. Tena linakuondolea sababu ya kusoma. Ukifuata mstari kwa mstari huchunguzi meza, kwa sababu suluhisho halijataja meza, na hadithi nyingi iko kwenye meza hizo. Ndiyo maana naomba uache kabisa kuliweka wazi pembeni. Badala yake tafuta vidokezo vya hatua kwa hatua, na ulipime tatizo lako kabla ya kufungua chochote: ni lugha, ni kitu kinachokosekana, ni wazo lisilounganika, au njia imefungwa? Kama ni lugha, usijinyime. Soma amri kamili mara moja, hakuna raha yoyote katika kubahatisha vitenzi. Kama unashuku njia imefungwa, uliza hilo hilo tu. Kama ni wazo, hapo ndipo penye utamu, hapo vumilia siku mbili tatu. Kidokezo ninachokithamini kuliko vyote ni cha ndiyo au hapana: “Je, ninaweza kulitatua fumbo hili kwa vitu nilivyonavyo sasa?” Jibu lake halikuharibii chochote, na linakuonyesha kama ukae au uondoke.

Uendelee au uache? Kama suluhisho la mchezo ule wa mlango uliliona hadi hapo tu, anza upya, chukua mafuta, vuka, fungua, na uendelee bila suluhisho. Yaliyobaki bado ni yako. Kama ulilisoma lote, uweke kando kwa muda mrefu bila majuto, na ufungue mchezo mpole zaidi. The Dreamhold, aliyoitoa Plotkin mwaka 2004, ilitungwa kwa ajili ya wageni na ina sauti inayokufundisha amri unapocheza. Michezo ya mashindano ya kila mwaka ya IFComp, yaliyoanza mwaka 1995, nayo inafaa, kwa kuwa waamuzi wanatakiwa kutoa alama kwa kucheza saa mbili za mwanzo tu, na hivyo mingi ni mifupi. Mengi ya haya ni bure. Hifadhi ya IF Archive imekuwa ikiyakusanya tangu mwaka 1992.

Ipo pia michezo ya kuchagua viungo badala ya kuandika amri, mingi ikiwa imetengenezwa kwa Twine, programu ya Chris Klimas ya mwaka 2009. Huko hutawahi kubishana na kitenzi. Unachopoteza ni ile furaha ya kufikiria tendo ambalo hakuna aliyekupendekezea, ukaliandika, na dunia ikakujibu. Mimi naipenda aina zote mbili, lakini kwa mtu anayesema “naipenda sana” kabla hata ya kulalamika, kama ulivyosema wewe, ningesikitika kuona anaiacha ile ya kuandika mapema hivi.

Kuhusu msaada wa ana kwa ana. Ulio bora ni wa mtu mmoja kukaa nawe kwenye skrini moja, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akichora ramani. Mara nyingi msomaji hujisikia akitamka neno ambalo macho yalilipita. Kama tatizo ni macho kuchoka, programu za kusoma skrini kwa sauti zinafanya kazi vizuri na michezo mingi ya maandishi, na wachezaji wasioona wameifurahia kwa miaka mingi.

Kumwona mtaalamu wa afya ni jambo jingine, na kwa ulivyoandika sioni sababu kwako. Lakini kama kusahau ulichosoma muda mfupi uliopita, au kupotea njia unazozijua, kunatokea pia nje ya mchezo, kwenye kazi na mambo ya nyumbani, mweleze daktari. Vivyo hivyo kama siku moja huwezi kuuacha mchezo ingawa unakunyima usingizi, kazi au watu wako. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa michezo ya kompyuta kwenye orodha yake ya ICD-11, iliyoanza kutumika mwaka 2022, na kwa kawaida huangaliwa kama hali hiyo imedumu angalau miezi 12. Huna haja ya kusubiri muda huo ndipo uzungumze na mshauri. Ukiona umeshindwa kujizuia, nenda mapema, na mwambie unacheza nini, saa ngapi, na nini kimeachwa bila kufanywa.